Ukurasa wa Tatu wa Wimbo wa Mama

Nilimfundisha mdogo wangu kinanda kwa kutumia meza. Kinanda chenyewe kilikuwa kimoja tu, cha kanisani, kile cha kukanyaga kwa miguu, na mtoto wa miaka saba hakuruhusiwa kukigusa. Kwa hiyo Mama akienda shambani tuliipindua meza ya kulia miguu juu, nikachora vitufe kwa mkaa upande wa chini, yeye akakaa katikati ya miguu minne ya meza. Nikiimba do, anabonyeza do. Nikiimba so, anabonyeza so. Akikosea nilimchapa vidole kwa kijiti. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijiona bingwa wa Njombe nzima.

Nayasema haya mwanzoni ili ijulikane nani alimfundisha nani. Watu wa Houston hawajui. Wakimwona mdogo wangu amekaa mbele ya kinanda chake, mgongo umenyooka, wanadhani amekulia Ulaya.

Kule nyumbani hatukusoma nota za mistari. Tulisoma solfa, do re mi zilizoandikwa kwa herufi kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na desturi yake. Kila mahali alipotaka tumtazame, alichora jicho juu ya nota, jicho lenye kope na mboni. Maana yake ilikuwa: acha karatasi, nitazame mimi, nitakuingiza. Ukilipita jicho bila kuinua uso, unasimamishwa uimbe peke yako mbele ya wenzako. Nilipopewa kwaya ya watoto, nami nilichora macho hayohayo, na mdogo wangu akajifunza kuyaogopa kama wengine.

Sasa niko Marekani, nasukuma viti vya magurudumu vya abiria uwanja wa ndege, upande wa Irving, na ninaishi Lewisville kwenye fleti ya ghorofa ya pili. Jumapili saa tisa alasiri, Wamarekani wakishamaliza ibada zao, tunaachiwa kanisa lao la hukohuko Irving tufanye ibada ya Kiswahili, sisi Watanzania, Warundi na Wakongo wachache. Kanisa lina ogani kubwa, lakini imefungwa kwa kufuli, kwa hiyo tunatumia kinanda cha umeme nilichonunua mwenyewe. Silalamiki. Wanakwaya wananiita Mwalimu, na kwa miaka kumi na moja hakuna mtu mwingine aliyekalia kiti kile.

Mdogo wangu yuko Missouri City, pembeni ya Houston. Ni nesi. Alipokuwa chuoni anasomea unesi alitakiwa kuongeza somo moja lisilohusu wagonjwa, akachagua muziki, na humo ndimo alimokutana na baroki, ambayo siku hizi anaipiga na kikundi cha wazungu, yeye kwenye kinanda cha kale.

Baroki ni muziki wa kale wa Ulaya, wa karne ya kumi na saba na nusu ya kwanza ya ile iliyofuata. Nimeelezwa hivyo kwa simu mara nyingi mpaka naweza kuufundisha. Alikuwa ananipigia Jumamosi, mimi nakunja nguo, simu iko kitandani, yeye anamwaga maneno. Dada, hawa watu hawapendi nota ikae tupu, lazima waivike madoido, waitetemeshe, waizungushie nota ndogondogo. Dada, hawapandishi sauti taratibu kama sisi, ni kubwa halafu ghafla ndogo. Dada, besi haikomi, inatembea mwanzo hadi mwisho, na watu wawili wanaishika pamoja, mmoja kwa selo, ile fidla kubwa inayosimamishwa chini, mwingine kwa kinanda, na huyu wa kinanda anajaza sauti za juu kwa akili yake mwenyewe. Nilikuwa naitikia "ehe, ehe," huku roho inaniuma. Mtu niliyemwonyesha do kwenye meza iliyopinduliwa ananieleza mimi besi ni kitu gani!

Majina ya watunzi alinitajia, sikuyashika, na hapa sitataja jina la mtu, mzima wala marehemu. Niliwapa majina yangu. Kulikuwa na Padri Mwekundu wa Venisi, mwenye nywele za rangi ya kutu, aliyefundisha wasichana yatima fidla na kutunga muziki ambamo mpigaji mmoja anashindana na kundi zima. Kundi linapiga kiitikio, yeye anatoka mbio peke yake, kundi linamrudisha. Kulikuwa na Mwitaliano aliyehamia kwa mfalme wa Ufaransa akawa mkubwa wa dansi za ikulu, mpaka siku alipojigonga mguu kwa fimbo ya kuongozea muziki, kidonda kikaoza, akafa. Dansi za watu hawa zilipangwa kwa msururu, alisema mdogo wangu, ya polepole, ya haraka, ya polepole tena, na ya mwisho ya kurukaruka. Nikamjibu kwamba harusi za kwetu zina mpangilio huohuo, na hakuna aliyekufa kwa kidonda.

Walioniingia moyoni ni Wajerumani wawili. Walizaliwa mwaka mmoja, kwenye miji isiyo mbali sana. Mmoja alibaki nchini kwake, akafundisha kwaya za kanisa, akazaa watoto ishirini, akagombana na wakubwa wake juu ya waimbaji wasiojua kuimba. Mwingine alizunguka Italia, akahamia London, akatunga michezo ya kuimba na muziki wa kutawazia wafalme, akapata pesa na sifa. Hawakuwahi kuonana. Yule wa kwaya alisikia siku moja kwamba mwenzake yupo kwao kutembea, akafunga safari kumfuata, akakuta ameshaondoka. Uzeeni wote wawili walipofuka, na daktari wa macho yuleyule akawapasua wote, asimponye hata mmoja.

"Wewe unampenda yupi, Dada?" mdogo wangu aliniuliza.

"Yule wa kwaya," nikasema. "Yule wa waimbaji wabovu."

Akacheka sana. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza kwamba yule wa pili namjua, ana nyumba Missouri City yenye gereji ya magari mawili.

Fyuga nayo alinieleza. Sauti moja inaanza peke yake na wazo fupi. Kabla haijamaliza kupumua, ya pili inaingia na wazo lilelile, ila imelipandisha juu, kwenye so. Inakuja ya tatu, inakuja ya nne. Alisema huo ndio ufundi wa juu kabisa wa baroki. Mimi niliona ni wivu mtupu ulioandikwa kwa nota. Ile sauti iliyotangulia, iliyoleta wazo, haisikiki tena wadogo zake wakishaingia.

Mama alifariki mwanzoni mwa masika. Karatasi zangu za uhamiaji zilikuwa bado kwenye meza za watu, na wakili akaniambia nikitoka Marekani nisitegemee kurudi. Mdogo wangu ana pasi ya hapa. Akapanda ndege siku iliyofuata. Siku hiyo nilisukuma viti saba vya abiria wanaokwenda makwao, nikawaambia wote safari njema.

Mazishi niliyatazama kwenye simu, katika chumba cha mapumziko cha wafanyakazi, picha inaganda na kuganduka. Mdogo wangu alikaa kwenye kinanda kile cha kukanyaga na kupiga tenzi ya Mama. Ni tenzi ya Kwaresima iliyoletwa na wamisionari wa Kijerumani, na baadaye nilijua kwamba yule wa kwaya aliipenda na kuitumia mara nyingi. Mama aliiimba mwaka mzima, akifua, akipepeta mahindi. Lakini Mama alikuwa wa alto, sauti ya pili, na aliimba alto hata akiwa peke yake, kwa hiyo sisi watoto tulikua tukidhani ile alto ndiyo wimbo wenyewe. Nilipojifunza solfa ndipo nilipojua kuna sauti ya kwanza juu yake. Tangu siku hiyo niliimba mimi ya juu na yeye ya chini, jikoni, na akaniambia sasa wimbo umepata kichwa. Kwenye wimbo ule hiyo ndiyo nafasi yangu. Mdogo wangu alikuwa bado anatambaa.

Mwaka ulipokaribia kutimia nilitaka kitu kimoja tu. Katika ibada ya kumkumbuka Mama, wimbo ule niupige mimi. Mwenzangu alimzika. Mimi sikushika hata udongo. Nilijua hayo ndiyo maziko yangu, na baada ya hapo hakuna mengine.

Kabla sijamwambia, akapiga simu.

"Dada, nime-arrange kila kitu. Ibada tufanyie Houston. Kuna kanisa wana kile kinanda cha kale, na mzee mmoja wa kwenye group letu atatupigia selo. Nyinyi njooni tu na kwaya, chakula niachie mimi."

"Na wimbo wa Mama?"

"Huo ndio surprise. Nimeutunga upya, style ya mtu wako yule wa kwaya. Sauti za chini zinaandaa njia kwanza, zinachezea vipande vya wimbo, halafu tenzi yenyewe inaingia juu, polepole. Utapenda."

Roho ya kwa nini ikanipanda. Kwa nini yeye, kwa nini tena, kwa nini Houston? Lakini nikamjibu nitawauliza wanakwaya. Nilipeleka jambo kwa wanakwaya nikitumaini watakataa safari ndefu. Kumbe wote wanataka kwenda Houston, na mama mmoja Mrundi akauliza kama njiani tutapita duka lenye mihogo na dagaa.

Mdogo wangu akasema atakuja Irving tufanye mazoezi pamoja. Nikamwambia niko kazini. Sikuwa kazini. Akaomba wikendi nyingine, nikasema vilevile. Baada ya hapo alinitumia picha ya ukurasa wa kwanza na ujumbe: "Wa tatu nitakuonyesha siku yenyewe. Ukiuona utaujua."

Sasa nota za mistari mitano mimi nazisoma kwa taabu, kama barua ya mahakama. Lakini chini ya besi niliona namba, 6, halafu 7, halafu 4 na 3, halafu 6 tena, nikafurahi. Ziko kwaya zinaandika solfa kwa namba, moja ni do, sita ni la, saba ni ti. Nikakaa kwenye kinanda changu, mkono wa kushoto ukapiga besi, wa kulia ukafuata namba. Ikatoka sauti ya sufuria zinazoanguka kabatini. Nikarudia polepole, sufuria zilezile. Nikapata raha ambayo sikuwa nimeipata tangu Mama atutoke. Kumbe mtaalamu hajui kitu!

Jumapili niliwaambia wanakwaya, tena kwa sauti ya huruma. Jamani, mdogo wangu amejitahidi, lakini nota zake zina makosa mengi, tumwombee tu. Mzee mmoja Mkongo wa sauti ya nne, mtu mwema, akaona ni vizuri kumsaidia mapema. Akampigia papo hapo, simu ikiwa kwenye spika.

"Aah, hapana baba, hizo namba si solfa," sauti ya mdogo wangu ikajaa kanisani. "Unahesabu kutoka kwenye besi kwenda juu. Sita ni nota ya sita juu ya besi hiyo, ukihama besi unahesabu upya. Ndiyo baroki yote hiyo, unapewa besi na namba, mengine unajaza mwenyewe. Mwalimu wenu anaijua sana, ndivyo alivyonifundisha mimi, ila yeye hatumii namba."

"Bon, Mwalimu, iko sawa," mzee Mkongo akanigeukia. "Namba haina kosa."

Wakacheka. Walicheka bila ubaya, kama wanavyocheka mtu akijikwaa kizingitini. Maneno ya mwisho ya mdogo wangu sikuyasikia vizuri. Nilichosikia ni kicheko cha kwaya yangu, kwenye kiti changu.

Wiki ya ibada akapiga tena. "Dada, nina ombi. Naomba ukae na mimi kwenye benchi. Unifungulie kurasa."

"Nikufungulie kurasa?"

"Ndiyo. Nataka uwe pale pembeni yangu."

Nikasema sawa. Siku sita za juma nasukuma watu kwenye viti vyao, na siku ya saba, ya Mama, nimepewa kumsukumia mdogo wangu karatasi.

Tuliondoka asubuhi kwa basi dogo la kukodi, wanawake wamevaa vitenge vya sare, wanaume mashati meupe. Mwendo ni wa saa nne. Walifika Houston wakiwa wameshaimba kitabu chote, mimi sikuimba. Joto la kule lina maji ndani yake, ukishuka tu nguo inakushika mgongoni.

Kinanda kile kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri, chembamba, kifuniko chake kimepakwa kijani kwa ndani. Mdogo wangu alikuwa nje anapokea wageni. Nikakikaribia, nikabonyeza kitufe kimoja taratibu. Ndani kuna ulimi mdogo unaodonoa uzi, na ikatoka sauti kavu, safi. Nikabonyeza kilekile kwa hasira zangu zote. Sauti ikatoka ileile, haikuongezeka hata kidogo. Aliwahi kuniambia kwamba vinanda hivi viko hivyo, nguvu ya kidole haibadilishi kitu, nikadhani anatia chumvi.

Nota zilikuwa zimepangwa mbele, karatasi nne zisizoshonwa. Nikanyanyua ya kwanza na ya pili, nikachomoa ya tatu. Sikuitazama. Niliogopa kuona kwamba ni nzuri. Niliikunja mara nne nikaitia kwenye mkoba, kati ya kitabu cha tenzi na peremende, halafu nikarudisha zile mbili juu ya ya nne na kuzinyoosha. Nilitaka akwame. Mbele ya wazungu wake, mbele ya kwaya yangu iliyonicheka, akwame mara moja tu maishani mwake. Kwamba ni wimbo wa Mama nilikumbuka baadaye.

Mchungaji akaomba, picha ya Mama ikawekwa kwenye kiti chenye kitenge. Mdogo wangu akakaa, nikakaa kulia kwake. Tulikuwa tumebanana, begani nasikia anavyopumua. Mzee wa selo, Mmarekani mrefu mwenye nyusi nyeupe, akaanza besi, na yeye akaingia.

Nitasema kweli, ilikuwa nzuri. Vipande vya wimbo wa Mama vilianza kutokea huku na huku, kimoja chini, kingine katikati, kila kimoja kinamkumbusha mwenzake. Madoido yalikuwa machache. Mkono wake wa kushoto ulitembea na mimi nikautambua mwendo ule, kwa maana ni wangu, navuka kutoka so kwenda do kwa kupitia chini, sijamwona mwingine anayefanya hivyo. Badala ya kufurahi nikaona ameniibia hata hilo.

Akatikisa kichwa, nikafungua ukurasa wa kwanza. Akatikisa tena, nikafungua wa pili. Chini yake ulikuwa wa nne.

Aliutazama kidogo. Halafu akanyanyua mikono yote miwili na kuiweka mapajani. Mzee wa selo akainua nyusi, lakini hakuacha besi, aliendelea nayo peke yake, vipimo vinne vya muziki, ikafika mwisho, akaianza tena. Mdogo wangu akanigeukia, akanitazama usoni. Nilingoja kuona hofu, sikuiona. Hakuwa na hasira pia. Alikuwa ananitazama tu, macho yamefunguka, nyusi zimeinuka kidogo, na nikajua amenishika. Nikainamisha uso nikatazama viatu vyangu. Besi ikazunguka mara ya pili.

Ndipo akainua mkono wa kulia na kupiga wimbo peke yake, sauti ya kwanza tupu, nota moja moja. Haikuwa na doido lolote wala sauti nyingine chini yake zaidi ya selo. Ulipoisha akaingia ukurasa wa nne na kumaliza.

Watu walilia. Mama Mrundi alilia kwa sauti. Mchungaji akasimama akasema ule ukimya umehubiri kuliko yeye. Mzee wa selo akambusu mdogo wangu mkono, halafu akanipa mimi mkono wa pole. Nilikuwa nawaka. Hata wizi wangu ulikuwa umempamba! Kuna watu ukiwasukuma shimoni wanaibuka na maji ya kunywa, na huyu ni mmoja wao.

Kwenye chakula nilikula pilau yake, ilikuwa nzuri pia. Binti yake wa miaka tisa akaja na sahani akakaa karibu yangu, akaniangalia kwa muda.

"Auntie, did you get scared?"

"Niogope nini?"

Akainua mabega, akaendelea kula. Mdogo wangu hakuuliza habari ya ukurasa. Alinifungia chakula cha njiani kwenye vyombo vya plastiki, akanikumbatia, akasema tupigie mkifika.

Jua lilikuwa bado juu tuliposimama kituo cha mafuta, nusu ya njia ya kurudi. Wenzangu wakaingia dukani. Mimi nikabaki nje kwenye kivuli cha basi, nikafungua mkoba kutafuta peremende, vidole vikagusa karatasi. Nikaikunjua juu ya goti.

Nusu ya juu ilikuwa solfa. Mwanamke aliyesoma nota za mistari chuoni, anayepiga baroki na wazungu, alikuwa ameniandikia kwa penseli herufi zangu, d na r na m, zimelala kuelekea kulia kama nilivyomfundisha. Juu kabisa aliandika: do ni F. Ilikuwa sauti ya kwanza ya wimbo wa Mama, yote, na pembeni yake neno moja: Dada. Chini ya hiyo aliandika: vitufe vya juu ni vyako, mimi nahamia chini. Mstari uliofuata ulikuwa alto, nikaijua kabla sijamaliza kuisoma, ile ya kufulia nguo, ile tuliyodhani ndiyo wimbo wenyewe. Pembeni yake aliandika: Mama. Alto hiyo alikuwa aipige yeye, chini ya mkono wangu. Haikupigwa. Katika ibada ya Mama nilihakikisha sauti ya Mama haisikiki.

Kabla ya yote hayo kulikuwa na vipimo vinne vya besi peke yake, mistari ya juu mitupu. Juu ya vipimo hivyo alikuwa amechora jicho, lenye kope na mboni.

Nilimpigia palepale. Nyuma yake nilisikia vyombo vikioshwa na binti yake akiongea.

"Dada, mmefika wapi?"

"Nusu ya njia."

"Mbona sauti hivyo? Kuna shida?"

"Ukurasa wa tatu ninao mimi," nikasema.

Maji ya bomba yakafungwa. Akamwambia binti yake kitu, mlango ukafungwa pia. Wanakwaya walikuwa wanatoka dukani na soda zao, na mzee Mkongo akanipungia mkono kwamba basi linaondoka.

"Najua," akasema. "Lakini wimbo ule hukuhitaji karatasi, Dada. Nilikungoja, nikampa mzee ishara arudie besi. Nilikuwa nakutazama. Mbona hukuingia?"